Kizimba cha Mwaka Ujao

Jumatatu, 6 Oktoba

Mheshimiwa amefanya tena!

(Mheshimiwa si mheshimiwa wa chochote. Ni karani wa majaribio kama mimi, tumeajiriwa siku moja, tunagawana meza moja. Wanamwita hivyo kwa sababu anatembea kama mtu anayesubiri kupigiwa makofi.)

Kikao cha asubuhi. Ofisi nzima ya Vipimo na Mizani imesimama. Akachomoa flashi mfukoni, akamwambia Bi Mkuu kuwa ndani yake mna programu ya kupanga ratiba za wakaguzi. Unaiandikia majina ya maduka yenye mizani, yenyewe inakuambia mkaguzi gani aende wapi na lini. Hiyo ndiyo kazi ninayoifanya mimi wiki nzima kwa rula na penseli! Yenyewe inaimaliza kabla chai haijapoa. Aliyempa ni jamaa wa kibanda cha kutengeneza simu. Bure.

Bure. Neno hilo lilinitia baridi mgongoni. Hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu bure isipokuwa mama, na hata yeye hunikumbusha.

Bi Mkuu akauliza kama kitu chenyewe ni salama. Mheshimiwa akacheka kile kicheko chake cha jukwaani, akasema salama salimini, ila si vibaya ikipimwa kwanza. Bi Mkuu akazungusha macho chumbani mpaka yakanikuta nyuma ya kabati la mawe ya mizani. Akasema basi apewe huyu, maana huyu anaogopa hata kiti kipya. Wakacheka wote. Sawa. Lakini kile kiti kilikuwa na karatasi ya onyo, na mimi karatasi za onyo huzisoma.

Hali ilivyo: nafasi ni moja. Majaribio yetu yanaisha wiki ijayo. Mmoja atathibitishwa kazini, mwingine ataambiwa asante na kurudisha kitambulisho. Na mama ameshamtangazia shangazi kuwa nimethibitishwa. Alimtangazia tangu Julai.

Lakini nimepata wazo nikiwa natembea kurudi nyumbani. Nikiipima programu hiyo nikaikuta na ugonjwa, Mheshimiwa kwisha habari yake. Na atakuwa ameuleta ugonjwa mwenyewe, mfukoni, mbele ya mashahidi. Nimekula vizuri jioni hii kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekwenda kwa fundi wetu wa kompyuta. Tunamwita Dada Nyaya kwa sababu hajawahi kuonekana bila waya shingoni. Nikamwambia nataka kuifungua flashi lakini naogopa. Akasema kuogopa ni mwanzo mzuri. Ni mtu wa kwanza katika ofisi hii kuniambia hivyo!

Akanieleza kuwa programu usiyoijua huifungulii kwenye kompyuta yako, kama vile usivyomlaza mgeni usiyemjua chumbani kwa mama yako. Unamjengea chumba cha uani. Akanitengenezea kompyuta pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoishi ndani ya kompyuta ya kweli, kwenye dirisha moja tu la kioo. Yenyewe inajiona kompyuta kamili. Ina saa yake, kalenda yake, mafaili yake. Ikiugua, ugonjwa unaishia humohumo. Kisha akaipiga picha. Si picha ya ukutani. Ni kumbukumbu ya jinsi ilivyo sasa hivi, nzima na safi. Likitokea lolote unabonyeza kitufe kimoja, kila kitu kinarudi kama kwenye picha, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kitufe kama hicho ningekuwa nacho siku ya mahafali, nilipompungia mkuu wa chuo mkono nikidhani ananipungia mimi!

Akanipa masharti. Mtandao uzimwe. Humo ndani visiingie vitu vya kweli, maduka yawe ya kubuni. Na nisifungue humo barua pepe yangu, hata iweje. Aliyasema polepole, akinitazama kama anayemkabidhi mtoto kisu. Nikaitikia ndiyo dada, ndiyo dada, ndiyo dada.

Nimeipa jina: Kizimba.

Kuichomeka flashi nilivaa zile glavu nyeupe tunazoshikia mawe ya shaba. Mheshimiwa akaniuliza kama flashi yake ina homa. Nikaisukuma flashi ndani. Nilikuwa nimebana pumzi.

Programu imefunguka. Programu imefanya kazi. Vizuri! Ratiba safi, wakaguzi wote wamegawanywa, hakuna aliyepangiwa sehemu mbili kwa wakati mmoja (mimi mwezi uliopita nilimpangia mmoja sehemu tatu). Hasara tupu. Nimeikodolea macho mpaka saa ya kutoka, haikukohoa hata kidogo.

Jambo dogo: maduka ya kubuni yalinishinda. Niliandika Duka la Kwanza, Duka la Pili, nikaona nimeanza kusinzia. Orodha ya kweli ilikuwa kwenye barua pepe yangu. Nikawasha mtandao wa Kizimba kidogo, nikafungua barua pepe humo, nikaichukua, nikazima. Kitufe kilekile cha kuzima ndicho cha kuwasha, rahisi sana. Najua ni masharti matatu nimeyavunja kwa mpigo, lakini ilikuwa haraka haraka. Halafu nikaipiga Kizimba picha mpya ili nisirudie dhambi hiyo tena. Huo ndio uangalifu.

Jumatano, 8 Oktoba

Siku ya kutisha, kisha siku tamu. Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi Dada Nyaya alipita, akaniuliza mgonjwa anaendeleaje. Nikamwambia ana afya kunishinda. Akasema zipo programu zenye subira, zinakaa na adabu zao mpaka siku fulani ifike ndipo zionyeshe makucha. Akanishauri niisogeze mbele kalenda ya Kizimba nione. Akaondoka kuokoa printa ya masjala.

Nikasogeza. Sikujua ni kiasi gani, basi nikaweka mwaka mzima. Tarehe nane Oktoba, mwaka ujao. Nikafungua programu.

Kioo kikatulia. Halafu majina ya maduka yakaanza kufutika, moja baada ya jingine, kama taa za mtaa umeme unapokatika. Yote! Likabaki dirisha jeusi lenye maandishi yanayosema tukitaka majina yetu turudishiwe, tuwasiliane nao.

Nimefanya nini! Dada alisema nisogeze mbele, hakusema nisogeze mwaka mzima! Ndiyo tabia yangu hiyo, chumvi nazidisha, salamu nazidisha, sasa nimezidisha kalenda mpaka nimevunja programu ya watu. Tena nimeivunja ikiwa chini ya uangalizi wangu, wiki moja kabla ya kuthibitishwa. Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia. Mheshimiwa alikuwa anampelekea Bi Mkuu chai.

Nikabonyeza kitufe cha picha.

Kila kitu kikarudi! Maduka yote, ratiba yote, kalenda ya leo. Kana kwamba sijazaliwa. Sitamwambia mtu yeyote, maana hakuna kilichotokea.

Mchana, bila kuigusa programu, nilisogeza tena kalenda ya Kizimba. Nilitaka tu kuhakikisha kuwa nayo sikuivunja. Haikuvunjika. Pembeni pa kioo: tarehe nane Oktoba, mwaka ujao. Nikaitazama tarehe ile kwa muda mrefu.

Mwaka ujao nimeshathibitishwa.

Ajabu jinsi mgongo unavyonyooka. Nikafungua barua pepe humo ndani, mtandao ukiwa umezimwa (nilihakikisha!), nikamwandikia Bi Mkuu barua. Si ya kwenda popote. Ya mazoezi ya ujasiri tu. Nikajitambulisha kama Karani Mwandamizi. Nikamwambia kwa heshima kwamba kiti changu kina magurudumu matatu na cha Mheshimiwa kina matano. Kwamba mlango wake unalia kama mbuzi. Kwamba kuzipima ripoti kwa mkono, nzito kulia, nyepesi kushoto, kabla ya kuzisoma, si jambo linaloipendeza ofisi ya mizani. Na kwamba mtu hapimwi kwa vikombe vya chai. Mistari hiyo niliisoma mara kadhaa.

Kisha nikamwandikia Mheshimiwa barua ya uhamisho. Nimempeleka kwenye mzani wa malori, getini, kwenye vumbi. Aripoti kwangu.

Nikabonyeza Tuma, zote mbili, ili tu nisikie raha yake. Hazikwenda kokote. Zimekaa zikisubiri kwenye kisanduku cha kutoka, kama abiria ambao gari lao halipo. Wapendwa wangu.

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Mama akaniuliza vipi, baba, wamekupa barua yako? Nikamwambia ziko njiani.

Alhamisi, 9 Oktoba

Hapana. Hapana, hapana, hapana.

Asubuhi niliamka na hesabu mbaya. Majaribio yanaisha, programu ni nzima, Mheshimiwa atang'ara. Lazima nipate ugonjwa. Nikakumbuka kusoma mahali kwamba programu mbovu huzungumza na watu wa nje kwa siri. Wazo! Niiwashie mtandao kidogo, niinase ikinong'ona!

Nikabonyeza kitufe cha mtandao. Nikaegemea mbele na glavu zangu.

Fyuu.

Kisha: fyuu.

Nilisikia sauti hiyo, nikafurahi. Nilidhani nimeinasa programu ikinong'ona! Nikachukua kalamu. Ndipo nikaona kisanduku cha kutoka. Kitupu. Abiria wamepata gari.

Nikarukia waya na kuuchomoa ukutani. Ulikuwa waya wa birika.

Nilikwenda msalani, nikakaa huko nikifikiri. Bi Mkuu hayupo, amesafiri kukagua pampu za mafuta, anarudi Jumatatu. Ofisi yake imefungwa. Barua iko humo, kwenye kompyuta yake, gizani, inamsubiri. Nikarudi Kizimbani, nikabonyeza kitufe cha picha. Nikabonyeza tena. Kila kitu ndani ya Kizimba kilirudi kama kilivyokuwa Jumanne. Nje ya Kizimba hakuna kilichorudi.

Mheshimiwa aliingia saa ya chai. Akasimama mlangoni. Akapiga saluti. Akasema anaomba ruhusa ya kuripoti kutoka kwenye mzani wa malori, afande, ila vumbi ni jingi, je, kuna posho ya sabuni?

Nikamwambia ulikuwa utani. Akasema hata yeye anaona ni utani, utani mzuri, tena anafikiri Bi Mkuu angeupenda. Akaketi kwenye kiti chake cha magurudumu matano, akazunguka mzunguko mmoja kamili, akaniambia, ndugu yangu Bwana Tahadhari, chai yangu mimi hunywa bila sukari.

Nikaenda kuichemsha. Birika halikuwaka. Ni mimi niliyechomoa waya.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mpango: kuifukia.

Barua moja ikifunikwa na barua nyingi, nani ataichimbua? Tangu asubuhi namtumia Bi Mkuu barua zisizo na madhara. Ukumbusho wa kupaka mafuta mizani ya ghorofani. Taarifa kuwa mizani ya ghorofani imepakwa mafuta. Shukrani kwa mizani ya ghorofani. Nimemweleza hali ya hewa ya kila siku ya juma. Nimemtakia safari njema, kisha nimemtakia marejeo mema, kisha nimeuliza kama amepata salamu zangu. Vidole viliniuma. Nilijiona kama mtu anayerudishia udongo shimoni, na ni kazi yenye raha yake.

Jioni, ili kuwa na uhakika, nilimuuliza Dada Nyaya kwa ujanja. Nikasema rafiki yangu mmoja, simtaji, ametuma barua kutoka kwenye kompyuta ambayo kalenda yake iko mwaka mmoja mbele. Barua hiyo itakaa wapi kwenye sanduku la aliyetumiwa?

Akafikiri. Akasema hapo itategemea kompyuta ya mtu, lakini ya Bi Mkuu kwa mfano, aliyoipanga Dada Nyaya mwenyewe, huziweka barua kwa tarehe iliyoandikwa na mtumaji, mpya kabisa juu. Barua ya mwaka ujao itakaa juu ya zote.

Nikasema hata rafiki yangu akituma nyingine mia?

Akasema hata atume elfu. Mpaka mwaka ujao ufike, hiyo itakuwa ya kwanza, kila asubuhi, kama jogoo. Kisha akaniuliza huyo rafiki anaendeleaje. Nikamwambia ana kizunguzungu.

Kwa hiyo Jumatatu Bi Mkuu atakuta barua yangu, na chini yake furushi la barua zangu nyingine zinazozungumzia mizani ya ghorofani. Sijafukia. Nimejenga jukwaa!

Nyumbani nilikuta habari nyingine: shangazi atakuja Jumapili ya wiki ijayo kunipongeza. Mama ameshanunua kitambaa cha meza.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimewahi kazini kuliko mlinzi. Mpango: kuingia ofisini kwa Bi Mkuu kabla hajakaa, kwa kisingizio cha kazi, na kuifuta barua.

Kisingizio nilikuwa nacho. Jiwe kuu. Hilo ni jiwe la kilo tano tunalolitumia kupimia mawe mengine yote. Mizani yote ya mji huu, ya sukari, ya misumari, ya vitoto vichanga hospitalini, ukweli wake unaanzia kwenye jiwe hilo. Linakaa kwenye sanduku lenye kitambaa laini. Niliamua kwamba leo linahitaji usalama zaidi, yaani rafuni kwa Bi Mkuu, pembeni kabisa ya kompyuta yake.

Nikavaa glavu. Nikalibeba kama mtoto. Mlango ukalia kama mbuzi, nikaingia.

Bi Mkuu alikuwa ndani tayari; kumbe alipita nilipokuwa nikilipangusa jiwe. Mheshimiwa naye, na chai! Kompyuta inawaka, bado inajivuta kuamka. Bi Mkuu akaniuliza nimebeba nini. Nikasema jiwe. Akauliza kwa nini. Nikamwambia nimelileta lipate hewa.

Ndipo kioo cha kompyuta kikaanza kufunguka, na barua zikaanza kushuka, na jiwe likaniponyoka.

Jiwe halikumpiga mtu. Niseme hilo kwanza. Lilipiga soketi ya kurefushia umeme, cheche zikaruka, kompyuta ikazimika. Kiko salama kichwa changu kwa siku moja! Nilitamani kulibusu.

Kisha nikaliona. Limemeguka pembeni. Kidogo tu, kama kucha.

Hata Mheshimiwa aliweka kikombe chini. Bi Mkuu alilinyanyua jiwe kuu, akalipitisha kidole, akasema kwa sauti ndogo kwamba sasa hatujui tena kilo tano ni nini. Lazima lipelekwe likapimwe upya. Akanitazama, akasema basi wewe na jiwe hili sasa mko wawili kwenye majaribio.

Mchana nilikabidhi ripoti yangu ya programu. Nimeandika kuwa ni salama. Ningeandika nini? Ndani ya Kizimba sasa ina afya tele, na siku ile ilipougua niliyeiumiza ni mimi. Mheshimiwa aliisoma begani mwangu, akanipigapiga mgongo, akasema kumbe una moyo mzuri. Kesho asubuhi Bi Mkuu ataiweka kwenye kompyuta yake yenyewe, yenye maduka yote ya mkoa, si haya yangu machache. Dada Nyaya anabadilisha soketi.

Jumanne, 14 Oktoba

Tuliitwa saa ya kwanza ya kazi. Mimi, Mheshimiwa, Dada Nyaya. Bi Mkuu alikuwa amekaa, flashi mkononi, macho kwenye kioo. Aliisoma barua yangu kwa sauti. Yote. Alipofika kwenye ripoti nzito kulia na nyepesi kushoto, nilimwona akitazama mikono yake. Katika mkono wa kushoto alishika ripoti yangu.

Akasema maneno yenyewe atayajadili baadaye. Kwanza anataka kujua barua ya mwaka ujao imefikaje leo. Dada Nyaya akanigeukia, akasema, ehee, rafiki yako. Akaniagiza niilete kompyuta yenye Kizimba.

Kuileta niliileta. Akasogeza kalenda ya Kizimba mwaka mmoja mbele, amwonyeshe Bi Mkuu jinsi barua inavyopata tarehe ya uongo. Akaeleza vizuri. Kisha, kwa kuwa programu ilikuwa pale pale, akasema na hii ndiyo programu yenyewe, Bi Mkuu, uione kabla hujaiweka kwako. Akaifungua.

Nikafumba macho. Nikajua kinachokuja. Nilipofumbua, maduka yalikuwa yanazimika moja moja mbele ya watu wote.

Nikalia, ni mimi! Ni mimi niliyeivunja! Nilizidisha kalenda, nisameheni, bonyezeni picha, itapona!

Dada Nyaya aliniuliza taratibu, mdogo wangu, ulishaliona hili? Nikasema Jumatano. Ukafanya nini? Nikabonyeza kitufe. Ukaandika nini? Salama. Akajishika kichwa kwa mikono miwili, na ule waya wa shingoni ukadondoka. Nimekuwa mtu wa kwanza kumwona bila waya.

Bi Mkuu akataka kuelezwa kwa Kiswahili cha kawaida. Dada Nyaya akamweleza kwamba programu hii ni mtego wenye subira. Angeiweka leo kwenye kompyuta yake ya kweli, ingemfanyia kazi nzuri miezi kadhaa, halafu asubuhi moja maduka yote ya mkoa yangefutika, na huko hakuna picha ya kurudia. Bi Mkuu aliitazama flashi mkononi mwake, akaiweka mezani kwa ncha za vidole. Nikavua glavu zangu, nikampa. Akazivaa. Ndilo jambo pekee nililofanya sawasawa mwezi huu.

Na Mheshimiwa? Mheshimiwa ndiye aliyeuleta mtego! Nilisubiri radi imshukie. Akakohoa kidogo, akasema, ndiyo maana siku ile nilisisitiza, Bi Mkuu, kwamba ipimwe kwanza.

Na Bi Mkuu akatikisa kichwa kukubali!

Hukumu aliitoa palepale. Mheshimiwa alileta ugonjwa lakini alitaka upimwe. Mimi niliupata ugonjwa nikauficha. Ofisi ya mizani inaweza kumvumilia mtu mwenye mzani mbovu, haiwezi kumvumilia anayeuona ni mbovu akaugonga muhuri. Mheshimiwa amethibitishwa. Mimi sikufukuzwa, kwa sababu, alisema, lazima awepo mtu humu ndani wa kuogopa kwa niaba ya wengine, ila afundishwe kuogopa kwa sauti. Majaribio yangu yameongezwa. Mpaka lini? Akagusa kioo kwa kidole cha glavu, akasema mpaka tarehe ya barua hii hapa. Tarehe umeichagua mwenyewe.

Nikaomba basi barua ifutwe. Akakataa. Itakaa hapo juu, aione kila asubuhi, na siku yake ikifika tutaisoma tena pamoja, tuone kama kweli mimi ni Karani Mwandamizi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mlango wa Bi Mkuu umepakwa mafuta. Haulii tena. Matokeo yake sisikii anapokuja, na leo amenikuta mara mbili nikizungumza na jiwe kuu, ambalo bado linasubiri gari la kulipeleka kupimwa.

Nimeletewa kiti. Magurudumu matano. Kina karatasi ya onyo. Nimekaa pembeni yake siku nzima, kwenye sanduku.

Mheshimiwa amehamia meza ya dirishani. Amesema chai ataendelea kunywa bila sukari.

Dada Nyaya amenipa kompyuta ya zamani niende nayo nyumbani nijifunze Kizimba upya, tangu mwanzo. Amenikumbusha masharti, moja moja. Nikaitikia ndiyo dada.

Jumapili, 19 Oktoba

Shangazi amefika. Yuko sebuleni na mama, kitambaa kipya kimetandikwa, nasikia wanacheka. Mama ameshaita mara moja, baba, njoo usalimie. Nimemjibu navaa.

Mama bado hajui. Tangu Jumanne nimejaribu kumwambia. Nikifungua kinywa kinatoka kitu kuhusu hali ya hewa.

Lakini sasa nimetulia kabisa, kwa sababu nimepata njia. Mazoezi! Nimejenga Kizimba kipya humu chumbani, nimekisogeza mwaka ujao, ambako mgongo wangu hunyooka, na nimefungua humo akaunti yangu ya ujumbe. Nimemwandikia mama ukweli wote. Kwamba sikuthibitishwa. Kwamba sikuwa nimethibitishwa Julai, wala Agosti. Kwamba nimemegua kilo tano ya mji mzima. Kwamba kiti nimepewa lakini nakiogopa. Ni barua nzuri, imenitoa machozi. Nikishazoea kuituma humu ndani, nitaweza kuisema kule nje.

Safari hii sikubahatisha. Nimebonyeza kitufe cha kuzima mtandao. Kisha, kwa uhakika zaidi, nikakibonyeza tena.

Nimetuma. Raha ilioje! Mwili wote mwepesi.

Simu ya mama imelia sebuleni. Kicheko kimekatika. Sasa mama ananiita, safari hii si baba, ananiita kwa majina yangu yote matatu.

Bila shaka ni shangazi mwingine anauliza njia.